Kovu la Mtihani wa Hesabu

Kila asubuhi Saado alikamua mbuzi, akampelekea nyanyake chai ya maziwa, kisha akavaa sweta na kwenda shule. Sweta, jamani, kwa joto la Garissa! Wenzake wa darasa la sita walimcheka mpaka wakachoka. Lakini yeye aliona afadhali kuchekwa kuliko kuulizwa habari za kovu la mkono wake wa kushoto, kovu nene, jekundu, lililomwasha kutwa kucha.

Kovu hilo lilikuwa na kisa, na kisa chenyewe kilikuwa cha aibu. Mwaka uliotangulia, asubuhi ya mtihani wa hesabu, Saado alichota unga wa manjano ambao mama yake hujipaka usoni, akajisiliba mashavu, akajilaza akigumia. Alitaka tu kubaki nyumbani. Alisahau kwamba nyanyake, Ayeeyo Osob, ndiye aliyekuwa tabibu wa mtaa, na kwamba wazee wa kwao huutibu ugonjwa wa ini, ule unaomgeuza mtu manjano, kwa moto. Ayeeyo aliutazama uso ule mara moja tu, akasema ini limeharibika, akatia kijiti motoni. Kabla Saado hajapata ulimi wa kusema kweli, mkono ulikuwa umeshachomwa. Kesho yake alinawa uso, umanjano ukatoka, na sifa za Ayeeyo zikafika mbali, hadi Tarbaj.

Basi mwaka uliofuata, 1998, wakaja hospitalini madaktari wa ngozi kutoka Nairobi na mashine ya leza, ambayo mwanga wake hupunguza makovu ya moto. Saado alipata nafasi siku ya mwisho. Ayeeyo alimsindikiza, na kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, Saado akawa mkalimani.

Daktari Kananu aliwaeleza kwamba kovu halingefutika, ila lingeshuka, na mwasho ungetulia. Kwanza angempa dawa ya maumivu. Wakavishwa miwani nyeusi, na Ayeeyo akaipenda hata akaomba kioo ajitazame. Kisha daktari akauliza mkono uliunguaje.

Ayeeyo akasimulia kwa Kisomali, kwa madaha, kisa chote cha ini. Saado akatafsiri, "Anasema nilimwagikiwa na chai."

Neno chai Ayeeyo alilijua vizuri sana. "Chai hakuna, daktari," akasema. "Mimi nachoma. Ini mbaya."

Daktari Kananu akaiweka dawa mezani. "Kama ini lake liliugua, dawa hii inaweza kumdhuru. Ni lazima tupime damu kwanza, na majibu hutoka Nairobi. Mashine inaondoka leo jioni."

Saado alihisi machozi. Akaliona lile sweta, joto lile, na mwasho ule, mwaka baada ya mwaka.

"Sikuwa mgonjwa, daktari," akasema polepole. "Nilijipaka manjano ili nisifanye mtihani wa hesabu."

"Sasa mwambie nyanya yako."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Saado aliyarudia kwa Kisomali, macho chini. Ayeeyo akavua miwani, akamtazama, akaivaa tena. Hatimaye akauliza kama mtihani huo aliufanya baadaye. Saado akakiri kwamba aliufanya, akapata kumi na mbili kwa mia.

"Kumbe moto wangu haukutibu hata hesabu," Ayeeyo akasema, na wote wawili wakacheka huku Saado akilia.

Daktari alipoelewa, alicheka pia, lakini alimweleza Ayeeyo kwamba ugonjwa wa ini huonekana machoni, si mashavuni, na kwamba moto hauuponyi. Mgonjwa aletwe hospitali. Kisha akampa Saado ile dawa ya maumivu, na mwanga wa leza ukaanza kumdonoa mkononi.

Njiani kurudi, Ayeeyo alimshika ule mkono mzima. "Nilikosea kukuchoma, mjukuu wangu, na sitamchoma mtu tena," akamwambia. "Lakini na wewe ujue hili. Ukimdanganya anayekutibu, atautibu uongo wako, na maumivu utayapata wewe."

Madaktari walirudi mara kadhaa, kovu likashuka, na sweta likapewa mbuzi mdogo aliyezaliwa wakati wa mvua. Siku moja ya mtihani Saado aliamka akiumwa kichwa kwelikweli. Ayeeyo alilowesha kitambaa, akampangusa mashavu yote mawili, akakikagua kitambaa kwa makini, ndipo akamwambia, "Haya, tuende hospitali."