Mguu wa Fedha wa Bibi Hermelinda

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Citlali alibeba ndoo ya mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa akayapeleka kwenye mashine ya kusaga. Alirudi na donge la unga, na bibi yake, Hermelinda, akalipigapiga viganjani kuwa chapati nyembamba. Zamani Bibi alifanya kazi hiyo amesimama, huku akiimba na kuwateta majirani. Mwaka huu, tangu mvua zianze, aliifanya ameketi, na mguu wake wa kushoto ulikuwa ndani ya soksi nene hata jua lilipowaka.

Siku moja Citlali aliona soksi ile imelowa usaha kisiginoni.

"Bibi, una kidonda!"

"Shii! Mama yako akijua atanikokota hospitali. Mchuzi wa sikukuu apike nani? Yeye? Yule hata maji anaunguza." Bibi alicheka, kisha akamshika mkono kwa nguvu. "Tutamwambia sikukuu ikipita. Kwa sasa funga mdomo."

Citlali alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuna aliyempenda kuliko bibi yake. Akafunga mdomo.

Siku moja kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, mji mzima wa Ocotitla ulitundika misalaba ya maua ya manjano milangoni ili Shetani akose pa kuingilia. Citlali alipomaliza kuutundika wa kwao, Bibi alimwita akamwekea kitu kiganjani. Kilikuwa mguu mdogo wa madini ya fedha, usiozidi punje ya maharage, umefungwa kwa utepe mwekundu.

"Nimemwahidi Mtakatifu ili aniponye mguu," alisema. "Kesho uubandike kwenye joho la sanamu yake kabla hajatoka kanisani. Akishavuka mlango, joho haliguswi tena mpaka siku ya nane ya sikukuu. Mimi foleni ile siiwezi."

"Nitaubandika, Bibi."

"Usiende kwanza kwenye mabembea."

"Siendi, Bibi."

Kesho yake kulinyesha manyunyu tangu alfajiri. Kengele zililia, fataki zikapasuka, na bendi ya tarumbeta ikapiga chini ya turubai lililovuja. Foleni ya wenye nadhiri zao ilitoka mlango wa kanisa ikazunguka uwanja mzima. Citlali alisimama nyuma ya mwanamke aliyebeba mshumaa mrefu kama yeye. Hapo ndipo Noelia, binamu yake, alipomvuta mkono.

"Foleni hii itafika Krismasi! Twende tukapande vikombe vya kuzunguka mara moja tu, turudi."

"Bibi alinikataza."

"Bibi, Bibi! Utaolewa na bibi yako?"

Vikombe vile vikubwa vilizunguka kwa kasi hadi Citlali akapiga mayowe na kusahau kila kitu. Alipanda mara moja, kisha mara ya pili. Alipokuwa anashuka, kichwa kingali kinazunguka, fataki nyingi zilipasuka kwa pamoja juu ya kanisa, na watu wakapiga kelele: "Anatoka! Mtakatifu anatoka!"

Alitia mkono mfukoni. Akakuta utepe mwekundu peke yake.

Alipiga magoti matopeni chini ya vikombe, akapekua kati ya viatu vya watu, maganda ya karanga na maji machafu. Noelia naye alitafuta kidogo, akachoka, akaenda zake. Mtakatifu Mikaeli akapita mabegani mwa wanaume wanane, upanga mkononi, joho lake likimeremeta kwa miguu, mioyo na macho madogo ya fedha ya watu wengine. Citlali hakuthubutu kumtazama usoni.

Nyumbani, Bibi alikuwa akimngoja mlangoni.

"Umeubandika?"

"Ndiyo, Bibi."

"Wapi?"

Citlali aliukunja utepe mfukoni. "Karibu na upanga."

"Karibu na upanga!" Bibi alifumba macho kwa furaha. Siku hiyo alikula nyama ya bata mzinga kwenye mchuzi mweusi wa pilipili na chokoleti, akala vipande viwili vya mkate mtamu, akashushia na soda. Kila jirani aliyeingia alimwambia mguu wake uko karibu na upanga. Citlali alikaa pembeni na sahani yake bila kuigusa.

Siku ya tatu Bibi alishindwa kuamka. Mwili ulikuwa moto na maneno yake hayakueleweka. Mama yake Citlali, Obdulia, aliivua ile soksi, akapiga yowe ambalo Citlali hakulisahau maishani. Bibi alipelekwa hospitali ya mjini, na kesho yake madaktari wakaukata mguu chini ya goti. Nyumba ikawa baridi. Maua ya manjano yakakauka mlangoni, mahindi yakachacha ndooni, na Citlali akawa halali vizuri wala hali. Alikuwa na hakika kwamba mguu wa Bibi aliukata yeye.

Siku ya saba Mama alimchukua kwenda kumwona mgonjwa. Bibi alionekana mdogo mno kitandani, na blanketi lilikuwa bapa pale ambapo mguu ulipaswa kuwa. Citlali alianza kulia kabla ya kusalimia.

"Bibi, sikuubandika. Nilipanda vikombe, ukaanguka matopeni. Nilikudanganya. Ndiyo maana wameukata."

Mama alitaka kusema kitu, Bibi akamzuia kwa mkono. Alitazama dari.

"Karibu na upanga," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa na hasira. "Siku zote hizi nikiumwa nilikuwa naufikiria huo upanga. Umenitia uchungu, Citlali, siwezi kukuficha."

"Nisamehe, Bibi."

"Njoo hapa. Karibu zaidi." Alimfuta machozi kwa ncha ya shuka. "Mguu haukukatwa na vikombe. Umekatwa na ugonjwa wa sukari. Daktari ameniambia usoni: ningekuja kidonda kilipoanza, wangekitibu. Badala yake nilikiziba kwa soksi, nikanywa soda, na mtoto nikamfunga mdomo. Mimi nilimficha mama yako kidonda, wewe ukanificha kosa. Yeye hapa katikati hakujua lolote, na ndiye ambaye angetusaidia."

Obdulia alikaa ukingoni mwa kitanda akalia waziwazi.

"Kesho ni siku ya nane," Bibi alisema. "Nyumbani, chini ya kitanda changu, kuna kiatu changu cha kushoto. Mpelekee Mtakatifu. Mimi sikihitaji tena."

Siku ya nane uwanja ulikuwa mtupu. Mabembea yalikuwa yamehama, na mahali pa vikombe palibaki duara la matope. Citlali alisimama kwenye foleni ndani ya kanisa mpaka zamu yake ikafika. Mzee Fidencio, msimamizi wa sherehe, alikitazama kile kiatu cheusi.

"Hiki cha nani, binti?"

Watu nyuma walikuwa wanasikiliza. "Cha bibi yangu. Alinipa mguu wa fedha nikaupoteza, halafu nikamdanganya."

Mzee hakumcheka wala hakumkemea. Alimsogezea nafasi miguuni pa Mtakatifu akiweke mwenyewe.

Jioni, hospitalini, Bibi aliuliza, "Umekiweka wapi?"

"Chini, kushoto, kati ya magongo ya watu waliopona. Kina tope kidogo mbele. Kiliniponyoka mlangoni."

Bibi alimtazama sana. "Na tope umelitaja," alisema. "Sasa nakuamini. Basi nikirudi nyumbani nitakupa kazi. Mguu uliobaki utautazama kila asubuhi, unyayo na katikati ya vidole, na kitu utakachokiona utakisema, hata nikikukaripia. Ukweli unaochelewa, mwanangu, umenigharimu mguu mmoja. Wa pili sina wa kutoa."

Tangu hapo, kila aliporudi kutoka mashineni, Citlali alipiga magoti mbele ya kiti cha bibi yake. Asubuhi nyingi hapakuwa na kitu. Kisha, mwezi wa Novemba, alisita.

"Kuna mkwaruzo, Bibi."

"Ah, huo ni mdogo tu. Niache nimalize chapati."

"Ni mdogo, lakini upo," alisema Citlali, akainuka. "Mama! Njoo uone!"

Bibi Hermelinda aliguna, akaweka donge la unga chini, akaunyoosha mguu.