Anayegonga kwa Ndani

Msusi alihamia kwenye chumba alichokinunua siku ya jua kali, roho yake kwatu. Kilikuwa chumba kimoja tu, ghorofa ya pili, jiko kwenye kona, bafu nyuma ya pazia, na dirisha lililotazama mtaa usiojua kunyamaza. Chini yake palikuwa na kinyozi mwenye spika kubwa kuliko kibanda chake.

"Utalalaje humo, shoga?" wenzake wa saluni walimcheka.

"Heri kelele za kwangu kuliko kimya cha kwa mwenye nyumba," akawajibu.

Aliyemuuzia alikuwa mwanamume mtanashati, mwenye maneno ya asali. Chumba kilikuwa cha dada yake, marehemu. "Nilimuuguza mwenyewe hadi pumzi ya mwisho," alisema, akajifuta jicho ambalo msusi hakuliona likilowa.

Mchana mmoja umeme ukakatika. Spika ikazimika ghafla, na mtaa mzima ukawa kama umemwagiwa maji. Msusi alikuwa kitandani akichambua nywele za bandia. Mlango ukagongwa. Ko. Ko. Ko.

"Karibu!"

Hakuna aliyeingia. Akafungua. Koridoni hapakuwa na mtu. Akafunga, akageuka kurudi kitandani.

Ko. Ko.

Safari hii aliutazama. Sauti haikutoka nje. Ilitoka upande wake, humo humo ndani, chini kabisa, usawa wa goti. Kama ya mtu aliyelala sakafuni.

Alitoka mbio hadi chumba cha pili, kwa mama mshonaji, mtu mzima aliyeishi hapo miaka mingi. Mama alimtazama usoni tu, akafunga mlango, akanong'ona.

"Umemsikia, eh?"

"Nani, mama?"

"Dada mtu. Kaka yake alitaka chumba kiuzwe, yeye akakataa katakata. Alipougua, kaka akasema anamuuguza mwenyewe, sisi tusijisumbue. Kila akitoka, kufuli kwa nje. Na kelele za hapa si unazijua. Siku umeme ulipokatika ndipo tukamsikia. Anagonga. Anaomba maji."

"Mbona hamkuvunja mlango?"

Mama akainamisha kichwa. "Mlango wa mtu, mwanangu. Tukamwita kaka yake. Akasema tumesikia vibaya. Kesho yake akatoa maiti."

Msusi hakulia. Hofu ilikuwa imegeuka hasira. Alirudi chumbani, akapiga magoti, akaweka mdomo karibu na ubao wa mlango.

"Dada," akanong'ona. "Unamtaka?"

Pigo moja. Mlango mzima ukatikisika.

Akachukua simu, akampigia muuzaji. "Kaka, nimekuta kibweta cha marehemu nyuma ya kabati. Kizito. Kimefungwa."

Alikuja na gari lake jua likiwa bado utosini, jasho likimtoka, hata salamu alizimeza. "Kiko wapi, dada yangu?"

"Ingia tu, kaka. Jisikie nyumbani."

Msusi akampisha, akatoka koridoni. Mlango ukajifunga nyuma yake. Hakuugusa.

Umeme ulikuwa umerudi, na kule chini kinyozi alikuwa amefungulia wimbo hadi kuta zinatetemeka. Mwanamume akaanza kugonga. Kwanza juu, usawa wa kichwa, kwa hasira. "Fungua, wewe!"

Kisha usawa wa kifua.

Kisha kiuno. "Dada, nisamehe!"

Si msusi aliyekuwa akiitwa dada. Alijua hivyo kwa jinsi sauti ilivyogeuka kuelekea ndani.

Kisha goti. Kisha kucha tu, zikikwaruza.

Ufunguo ulikuwa kiganjani mwa msusi. Mama mshonaji alisimama mlangoni pake, anamtazama. Hakusema "mfungulie". Msusi naye akaukaza mkono. Wakausikiliza wimbo ule hadi ukaisha.

Mlango ukafunguka wenyewe.

Mwanamume alikuwa chini. Midomo imepasuka. Macho yamezama. Suti inamning'inia kama ya kuazima. Wimbo mmoja tu, na mtu amekauka kama aliyefungiwa wiki nzima. Mama akamtilia maji mdomoni. Yakatoka yote. Koo lilikuwa limekataa.

Vijana wa kinyozi wakambeba juu juu, wakampakia kwenye gari lake, mmoja akashika usukani kumpeleka hospitali. Gari likapotea kwenye msongamano. Msusi akashusha pumzi, akageuka kupanda chumbani kwake.

Kwenye ngazi akasimama.

Palikuwa na nyayo. Za miguu mitupu, midogo, ya mwanamke, zimelowa maji. Zilianzia chumbani, zikashuka ngazi zote, zikavuka kibaraza, zikaishia pale gari lilipokuwa limeegeshwa, usawa wa mlango wake wa nyuma.

Hakuna hata unyayo mmoja uliorudi.

Na jua lilikuwa linachoma sakafu, lakini zile hazikukauka.