Kidude Kilichoijua Nyumba

Nilifika dukani kwa fundi wa kompyuta saa kumi na mbili jioni, taa za barabarani zikianza kuwaka moja moja. Nilitaka kitu kidogo tu: adapta ya waifai, kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la USB ili kompyuta ipate mtandao bila waya. Ya ndani ya kompyuta yangu ilikuwa imekufa wiki tatu nyuma, na simu yangu ya maana ilizama kwenye ndoo ya kufulia siku mbili baadaye; kuazima ya mtu niliona haya.

Kwa mwingine hilo lingeweza kusubiri mwisho wa mwezi. Kwangu halikuweza. Mke wangu ni muuguzi, ana mkataba wa miaka miwili nchi ya mbali, na kila Jumapili saa moja na nusu usiku alikuwa akitokea kwenye kioo cha kompyuta kuzungumza na binti yetu. Binti ana miaka sita. Tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Jumapili ya kwanza bila mama yake alilia. Ya pili aliuliza. Ya tatu hakuuliza kitu, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Nilianza kuogopa kwamba anamsahau.

Asubuhi ya Jumapili ninayoisimulia, jino lake la mbele lilianza kucheza.

"Baba," akaniambia, amelishika kwa ulimi, "halitoki mpaka mama alione."

Basi pale dukani nilikuwa nimebakiwa na saa moja na nusu.

Fundi alinipangia adapta tano juu ya kaunta. "Chukua hii, kaka. Mpya kabisa, ina antena mbili kama masikio ya sungura."

"Chipu yake ni ipi?"

"Chipu tena! Kaka, unanunua adapta au unachumbia?"

Nilicheka, lakini sikuwa natania. Kompyuta yangu ni kongwe, na mfumo wake wa uendeshaji ni ule wa bure. Kuna chipu ambazo mfumo huo unazijua tangu kuzaliwa. Nyingine hazifanyi kazi mpaka upakue programu ya kuziendesha kutoka mtandaoni. Na mtu asiye na mtandao ataipakua wapi? Ni sawa na kuambiwa ufunguo wa mlango umo ndani ya nyumba. Nilisoma maandishi ya nyuma ya kila boksi. Zote tano zilikuwa za namna hiyo.

Fundi alikuna kidevu, akainama, akatoa kopo la biskuti lililojaa vitu vilivyotumika. Akachakura. Akaibuka na kidude cheusi, urefu wake kama pingili mbili za kidole, kingo zake zimekuwa za njano kama meno ya mvutaji.

"Hiki kitaingia bila maneno. Chipu ya zamani, kila mashine inaijua."

"Kimetoka wapi?"

"Kwenye vyuma chakavu. Hapa hapa mtaani."

Nilikipokea. Kilikuwa na utelezi kidogo, na harufu... Ile pumzi ya mgonjwa anapoamka, kabla hajasukutua. Nilifuta vidole kwenye suruali, mara mbili.

Nikakinunua hata hivyo.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili vya chini. Mama mwenye nyumba alikaa juu, mjane, mtu wa maneno machache na mwenye huruma, na ruta, kile kisanduku kinachotugawia mtandao, ilikuwa kwake. Nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake, ulioachwa na marehemu mumewe: kujua nywila peke yake hakukutosha. Kila kifaa kina namba yake kiliyopewa kiwandani, na ruta ile ilipokea namba zilizoandikwa kwenye orodha tu. Mgeni akija na simu, sharti apande ngazi, mama aiandike namba yake, ndipo aingie. Wapangaji tulilizoea jambo hilo kama tulivyozoea kufunga geti.

Kwa hiyo nilijua la kufanya: kuchomeka, kusoma namba, kuinakili, kupanda juu. Karatasi na penseli nilishaviweka mezani.

Nikachomeka.

Taa ya kijani ikapepesa. Na kompyuta ikaniambia imeunganishwa.

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Namba ile nilikuwa sijaipeleka juu. Hata kuisoma, sikuwa nimeisoma. Mlango usiofunguliwa kwa mgeni yeyote ulikuwa umejifungua wenyewe, kama unavyofunguka kwa mtu wa humo. Lakini ilikuwa saa moja na dakika ishirini na mbili, na Chiriku alikuwa ameshakaa kwenye kiti, nywele amechana, miguu inaning'inia. Nikaikunja ile karatasi, nikaiweka mfukoni, nikafurahi.

Nilikwenda jikoni kuzima jiko. Niliporudi, Chiriku alikuwa ananyonya kidole.

"Unakula nini?"

"Kinatoa asali, baba."

Alionyesha kile kidude. Kwenye ufa wa ganda lake palikuwa pametoka tone la ute wa njano, zito, lenye uzi mwembamba mwekundu ndani yake. Sisimizi walikuwa wameshaanza kupanga mstari juu ya meza. Wengine walikuwa wamenasa, wakitapatapa.

Nilimsuuza kidole mpaka akalalamika. Nikamsuuza mdomo. Nikakipangusa kidude kwa kitambaa, na kitambaa nikakitupa. Nikajiambia ni gundi ya kiwandani iliyoyeyuka kwa joto. Mtu akihitaji kuamini jambo, hakosi sababu.

Kisha mke wangu akatokea kwenye kioo, na kila kitu kikawa chepesi.

"Mama! Jino langu linacheza!"

"Hebu nione, mwanangu. Sogea karibu... Lo! Kumbe tayari nina mtu mzima huko!"

Walicheka wote wawili. Nami nilisimama pembeni nikijifanya napanga vitabu, kwa sababu macho yalikuwa yamenilowa. Chiriku alimiminika: habari za shule, za paka wa jirani, za wali niliouunguza. Jumapili tatu zote zilitoka kwa pumzi moja.

Ghafla akanyamaza. Katikati ya neno.

Harufu ikapanda. Kwanza nilidhani ni panya amefia nyuma ya kabati. Lakini ndani ya uozo ule mlikuwa na kitu kingine, dawa kali yenye utamu... kama mafuta ya karafuu.

"Baba Chiriku." Sauti ya mke wangu ilikuwa imeshuka. "Huyo mzee ni nani?"

"Mzee gani?"

"Huyo nyuma ya mtoto. Ni mgeni wa mama wa juu? Mbona amejiziba mdomo kwa kitambaa?"

Nilitazama. Nyuma ya Chiriku palikuwa na ukuta, na kalenda.

"Hakuna mtu hapa, mke wangu."

Alisogeza uso kwenye kamera. Halafu akanong'ona, kama mtu anayeogopa kumshtua nyoka.

"Anamfungua mtoto mdomo."

Nikageuka.

Chiriku alikuwa ameegemeza kichwa nyuma, macho darini, mdomo wazi kupita mdomo wa mtoto unavyoweza kufunguka. Mdomo wa chini ulikuwa umebonyea. Palikuwa na shimo la duara, jeupe kwa kukosa damu, pana kama dole gumba la mtu mzima.

Lakini hapakuwa na dole.

Jino lilikuwa likienda mbele... nyuma... mbele... nyuma. Taratibu. Kwa ustadi.

Nilimvuta mtoto. Hakuvutika. Nikarukia kile kidude. Kilikuwa cha moto, na ganda lake lilikuwa laini.

Laini kama ufizi.

Hakikutoka. Nikakitikisa huku na huku, kama mtu anavyotikisa jino bovu, na mle tunduni nikasikia nyama ikiachia. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Kikatoka kwa mlio wa kunyonya, na ute ukavutika nyuma yake, mrefu, mpaka ukakatika na kunirukia mkononi. Kioo kikabaki na duara la kuzunguka. Neno la mwisho la mke wangu lilikuwa jina la mtoto.

Chiriku alifunga mdomo. Akameza kitu. Alipoufungua tena, mbele palikuwa na pengo.

"Jino liko wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye ngumi yangu, nilimoshika kile kidude.

Nilipanda ngazi, mtoto begani, kidude nimekivingirisha kwenye gazeti. Mama mwenye nyumba alikuwa anakunja nguo. Nililifunua gazeti. Aliziba pua kwa upande wa khanga yake, akakaa chini polepole.

"Umekitoa wapi hiki, mwanangu?"

"Kwa fundi. Kilitoka kwenye vyuma chakavu."

"Vitu vya marehemu niliviuza mwenyewe. Kwa kilo. Nikadhani nimeuza uchafu, umekwenda."

Alinisimulia kwa kifupi, akiangalia pembeni. Mumewe alikuwa fundi wa meno ya bandia. Vyumba vyetu vya chini ndivyo vilivyokuwa karakana yake, na meza yangu ilikuwa meza yake. Alikuwa mwenye wivu na nyumba yake kuliko na mkewe. Orodha ile ya ruta aliianzisha yeye, akawa anaikodolea macho jioni nzima kuangalia nani kaingia na nani katoka.

"Mwezi mmoja kabla hajafa alijing'oa gego lisilomuuma, kwa koleo. Nikamuuliza, la nini? Akasema, 'Mimi nyumba yangu siiachi.' Nikacheka. Kisha nikaenda kumuuguza binti yangu aliyejifungua. Niliporudi alikuwa na siku tisa pale mezani." Aliusogeza mguu mbali na gazeti. "Kompyuta ilikuwa bado inawaka."

Alichukua simu yake, akaifungua orodha. Mistari sita tuliyoijua. Na wa saba, juu kabisa, namba ya kile kidude, na mbele yake jina ambalo mumewe alikipa:

Mwenye Nyumba.

"Sikuwa na ujasiri wa kulifuta," alisema. Akalifuta.

Tulilipasua ganda kwa kisu. Ndani, mahali pa antena, palikuwa na ile nyama bandia ya waridi ambayo mafundi wa meno hupandikizia meno ya bandia, imesongwa kwa unywele mweupe na waya wa shaba. Katikati yake palikuwa na shimo lenye umbo la gego.

Gego lenyewe halikuwamo. Badala yake, limezungushiwa waya, dogo, jeupe, damu mbichi ingali kwenye shina lake, lilikuwamo jino la mwanangu.

Mama mwenye nyumba alitema mate sakafuni kwake mwenyewe, akaanza kulia.

Nililitoa lile jino. Vilivyobaki tulivichoma kwenye jiko la mkaa uani. Vilichukua muda kushika moto, vikatoa mafuta, vikachemka. Nitasema jambo ambalo sijamwambia mke wangu. Vilinukia nyama choma, na nilipokuwa nimesimama pale, mate yalinijaa mdomoni.

Tulihama wiki ile ile. Simlaumu mama yule. Kila mtu hutupa anachoshindwa kukitazama, na nani ajuaye kitaokotwa na nani? Hata mumewe sijui kama nimwite mchawi. Labda alikuwa mtu tu, aliyeogopa kutoka mahali alipopazoea, na hofu ikamfundisha kazi. Nilinunua adapta mpya, ile yenye masikio ya sungura, nikapakua programu yake kwa simu ya jirani. Nikanunua na ruta, nikaisimika mwenyewe. Orodha yake ina kifaa kimoja, kompyuta yangu. Jumapili zimerudi. Mke wangu hutokea saa moja na nusu, na Chiriku humjibu ndiyo, au hapana.

Jino jipya liliota ndani ya siku kumi na nne.

Ni pana. Ni la njano, limelika juu, na katikati lina kiraka cheusi cha madini. Daktari wa meno alilimulika, akazima taa yake, akavua glavu polepole. "Nani alimpandikizia mtoto huyu gego mahali hapa?" aliuliza. Hakungoja jibu. Alisema mizizi imekwenda mbali sana, yeye hathubutu kuling'oa. Mke wangu bado ana miezi mitano kwenye mkataba wake. Nimemzoeza Chiriku kuzungumza naye mdomo ukiwa nusu umefungwa. Kila Jumapili mama yake humwomba acheke.

Jana alasiri alilala kwenye kiti, kichwa kimeegemea nyuma, nami nilikuwa mezani kwenye kompyuta. Niliifungua orodha ya ruta kwa mazoea tu.

Vifaa viwili.

Niliyaangalia maandishi yale kwa muda mrefu. Kisha nikainuka, nikamfumba mwanangu mdomo kwa vidole viwili, nikarudisha macho kwenye kioo.

Kimoja.

Nikauachia mdomo. Ukafunguka wenyewe, taratibu, na ile pumzi ikatoka... ya mgonjwa, kabla hajasukutua.

Viwili. Na mbele ya kile cha pili palikuwa na jina lile lile la kule tulikohama, ambalo sikuliandika mimi.

Nikafuta vidole kwenye suruali. Mara mbili.