Waya wa Nyumba ya Baba

"Muuaji! Umemuua baba yangu kwa mapaneli yako ya jua!"

"Koma! Mimi hata kiberiti sijawahi kumwazima, nimuue saa ngapi?"

Mama Saluni alisimama upande huu wa ukuta, taulo la mteja bado begani. Upande wa pili, povu mdomoni, alikuwa Kaka Sola, mtoto wa marehemu, fundi wa umeme wa jua. Mtaa mzima ulikuwa umefurika, wengine wamepanda juu ya ndoo wasije wakakosa neno.

Inspekta aliwapita, akaingia nyumba ya marehemu. Mzee alikuwa kitini, mrija puani, macho wazi. Mashine iliyokuwa ikimsaidia kupumua ilinuka plastiki iliyoungua.

Binti yake alikaa sakafuni. "Nilitoka kuanika nguo, afande. Kuanika nguo tu."

Balbu juu yao iliwaka nyeupe kupita kiasi. Umeme ulimtisha Inspekta tangu utotoni, na huu ulikuwa bado unapanda.

Fundi wa shirika la umeme, aliyekuwa ameitwa na majirani kwa ajili ya balbu zinazopasuka, alimvuta pembeni.

"Nimefungua inveta ya saluni, ile inayoingiza umeme wa mapaneli kwenye nyaya za mtaa," alinong'ona. "Kuna nguvu isiyowasha taa wala pasi, yenyewe huenda na kurudi tu kwenye nyaya. Inveta ikiinyonya, volteji hushuka. Ikiisukuma, hupanda. Jua likiwa kali, ile inatakiwa inyonye. Mtu kaigeuza isukume, kisha kaondoa kinga ya kujizima."

"Mama Saluni anaweza?"

"Yule? Inataka nywila ya mafundi."

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Funga mdomo. Majirani wachomoe vyombo vyote."

Akawaita wagombanaji saluni, inveta ilikotundikwa ukutani. Binti wa marehemu alifuata nyuma.

"Tusubiri jua lifike utosini," alisema Inspekta. "Tuone."

Inveta ilivuma. Mwanga wa taa ukazidi. Wasichana wa saluni wakakumbatiana. Jasho lilimtiririka Kaka Sola.

"Afande, izimeni."

"Haraka ya nini?"

Balbu ikapasuka paa! Vioo vikamwagika kwenye sinki. Dada mtu akapiga yowe.

"Irudisheni inyonye!" Kaka Sola alipayuka. "Ikiendelea kusukuma itatuchoma wote!"

Fundi wa shirika aliruka, akaizima. 

"Inasukuma?" Inspekta aliuliza taratibu. "Nani kakwambia?"

Kaka Sola alitazama mlango. Konstebo alikuwa ameuziba.

"Nilitaka mashine za nywele za huyu mama ziungue. Basi! Mtaa mzima ulijua kazi ya kufunga mapaneli ni yangu, yeye akampa mtu wa kuja. Nilitaka waseme yule hajui kitu."

"Uliifikiaje?"

"Nilijidai nakagua nyaya. Akanipa na kiti."

"Na baba yako?"

"Nyumba yetu iko waya mwingine, afande! Waya mwingine kabisa!"

Fundi wa shirika aliinamisha kichwa. "Juzi niliihamishia waya huu wa saluni. Dada yako aliomba. Mashine ya mzee ilikuwa inakosa nguvu."

Kaka Sola akaketi sakafuni. Pingu zilimkuta chini.

Konstebo aliondoka naye, umati nyuma, midomo tayari ina moto wa umbea. Dada mtu alibaki kizingitini, akiitazama nyumba yao kama vile haijui tena.

Mama Saluni alimaliza kuzoa vioo.

"Mwanangu," alimwambia dada mtu, "tangu asubuhi hujatia kitu tumboni. Ingia, nimeshapakua."