Dungu Lililohesabiwa Nyumba

Hidaya aliamka amechoka. Siku hizo kuchoka hakukuwa jambo la kusimulia. Alikuwa na mimba ya miezi saba, mahindi ya kupalilia, na migomba huko juu ya Kinole isiyojua kumngoja mtu. Alichota maji, akakoroga uji, akamwamsha binti yake Asha. Mumewe Stambuli alikuwa amekaa mlangoni akikaza mpini wa jembe.

"Leo nitapalilia upande wote wa mtoni," alisema Stambuli. "Nikiondoka, usibaki na kazi ya kuinama."

Hidaya alijua mumewe anakokwenda, na moyo ulimuuma.

Wakati huo Wadachi, yaani Wajerumani, ndio waliotawala. Kila nyumba ilitozwa rupia tatu kwa mwaka. Aliyekosa alipelekwa kufanya kazi mpaka kodi iishe. Stambuli alikuwa ameuza ndizi na machungwa mjini Morogoro, akapata rupia tatu. Lakini alitakiwa kulipa sita. Mwaka uliotangulia ilikuwa vivyo hivyo. Alikwenda kubeba mawe ya reli kwa mwezi mmoja, na mwezi huo ukawa miwili na nusu, maana siku za homa hazikuhesabiwa. Alirudi na kikohozi na mbavu za kuhesabika. Akienda tena, mtoto atazaliwa hayupo.

"Hodi wenyewe," sauti iliita.

Alikuwa jirani yao Dominiko, amekuja kuomba machipukizi ya migomba. Dominiko alisoma kwa mapadri. Kisha alifagia baraza la boma miaka miwili, na masikio yake hayakuwa ya kufagia tu. Aliona mkeka uliokunjwa na kibuyu cha maji.

"Safari ya wapi, ndugu yangu?"

"Kodi," alisema Stambuli. "Zimepungua rupia tatu."

"Zimepungua? Jumla ngapi?"

"Sita."

Dominiko alikunja uso. "Mbona mimi nalipa tatu?"

"Nyumba yako ndogo."

"Kodi hii haiangalii ukubwa. Karani aliwapa karatasi?"

Hidaya aliitoa kapuni. Miezi yote hiyo waliitunza vizuri, wala hawakumwomba mtu awasomee. Walidhani nyumba kubwa hutozwa zaidi, basi.

Dominiko alisoma polepole. "Stambuli, Kinole. Nyumba mbili." Akainua kichwa, akatazama huku na huku. "Ya pili iko wapi?"

Walitazamana. Palikuwa na nyumba moja na banda la kuku. Ndipo Hidaya alipokumbuka.

"Lile dungu la kulindia mahindi," alisema taratibu. "Karani alikuja wakati wa mavuno. Tulikuwa tukilinda mahindi. Alikuta vyungu, moto, na Asha amelala. Akauliza nani analala hapa. Nikamwambia, sisi."

"Na mwaka jana pia?"

"Mwaka jana pia."

"Na hamkumwuliza karani kitu?"

Stambuli aliangalia chini. "Nyumba hii na shamba hili ni vya ukoo wa mama yake Hidaya. Mimi nimeoa hapa. Mkwe atasimamaje mbele za watu aseme hii nyumba, hii si nyumba?"

"Na mimi niliambiwa karatasi ina jina lake," alisema Hidaya. "Nikasema hilo ni lake mwenyewe."

Dominiko alicheka, lakini si kwa furaha. "Mmoja kanyamaza kwa heshima. Mwingine kanyamaza kwa heshima. Boma likapata rupia tatu."

"Sasa tufanye nini?"

"Karani huandika anachokiona siku ile. Akikosea, kosa litakaa kwenye karatasi mpaka mwenye nyumba aseme. Nendeni kabla ya siku ya kulipa. Ukienda kazini kwanza, wataona umeikubali hesabu. Chukueni karatasi hii. Mchukueni na jumbe wa kijiji awe shahidi. Elezeni dungu ni kitu gani. Msigombane."

"Wakimchapa je?" aliuliza Hidaya.

"Sitakudanganya, dada. Wapo waliofukuzwa. Lakini nimeona hesabu zikifutwa kwa macho yangu. Aliyekuja na karatasi na shahidi alisikilizwa kuliko aliyekuja na kelele."

Wakaenda kwa jumbe Kibwana, mzee mwenye magoti mabovu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi nilijua lile ni dungu," alisema. "Hakuna aliyeniuliza."

Alilalamika njia nzima ya kuteremka mlima, lakini alikwenda. Hidaya naye alikwenda, ingawa miguu ilimvimba na walimsihi abaki.

Barazani walikaa juani mpaka adhuhuri. Bwana Shauri, yule Mdachi aliyesikiliza kesi, alionekana amechoka kama wao. Aliuliza nani analala katika nyumba ya pili. Stambuli alimgeukia mkewe, mwenye shamba. Hidaya akajibu.

"Tunalala mwezi mmoja tu, mahindi yakiiva, kufukuza nguruwe na ngedere. Dungu halina ukuta wala mlango. Mvua ikinyesha tunakimbilia nyumbani. Sasa zimebaki nguzo nne."

"Ni kweli," alisema jumbe Kibwana. "Naomba mtume mtu akaone."

Bwana Shauri aliitazama karatasi, akaitazama njia ndefu ya mlimani, akachukua kalamu. Nyumba mbili zikawa moja.

"Na za mwaka jana?" Stambuli aliuliza.

"Zilizolipwa zimelipwa," karani alitafsiri.

Stambuli alikohoa. Hasira ilimpanda, miezi ile miwili na nusu yote. Aliimeza. Alilipa rupia tatu, akapewa cheti, na safari hii alimpa Dominiko akisome kabla ya kukiweka.

Habari zilienea. Watu walileta karatasi zao, na madungu mengine manne yakaonekana humo, pamoja na nyumba ya marehemu iliyoanguka zamani. Si wote waliofanikiwa. Mmoja alichelewa, akaambiwa arudi mwakani. Wengine wanne hesabu zao zilifutwa.

Hidaya hakupumzika. Mahindi yalikuwa yale yale, mlima ule ule. Lakini miezi miwili baadaye, asubuhi ya mvua, alijifungua mtoto wa kiume. Mkunga alitoka mlangoni kumwita baba. Stambuli aliitika kutoka uani, shoka mkononi, akipasua kuni za kuchemshia maji.