Sala ya Kimya ya Lusubilo

Amina bado haijatamkwa, simu ya mchumba wangu ikaanza kuongea mbele ya wazee.

"Baba wa mbinguni, Ferista hanipendi tena. Najua. Mpe ujasiri aseme leo, kabla mahari haijapokelewa."

Wazee wote sebuleni kwetu Igamba wakafumbua macho. Baba alikuwa amewaambia wote waombe kimoyomoyo, na Lusubilo huomba akichezesha midomo, kama bibi yake alivyomlea. Akasahau kuzima kidude cha sikioni.

Tangu kamba ya winchi impige kooni mgodini Saza, miaka miwili sasa, hana sauti. Kidude kinasoma mtikisiko wa taya, simu inamsemea. Mimi ndiye niliyekifundisha. Miezi minne tuligeuza kahawa iliyoanikwa kwenye chanja, yeye akitamka sentensi bila sauti, mimi nikiziandika kwenye simu mpaka kidude kikamzoea. Kanisani walinisifu eti nina moyo. Moyo wenyewe ulishakufa ganzi zamani.

"Zima hiyo simu!" Sadoki, mjomba wa Lusubilo, alifoka.

"Nisameheni wazee," simu ikasema kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka. "Ilikuwa sala."

Mama akanifinya. "Sema ni uongo. Usituaibishe."

Asubuhi Lusubilo alikuwa amenitumia meseji: "Leo useme unachotaka wewe. Usinionee huruma." Nilipiga pasi gauni, basi.

Baba akakohoa. "Ferista mwanangu, wageni hawa unawafahamu?"

"Nawafahamu, baba."

"Tupokee walichokuja nacho?"

Nikafungua mdomo. Nilitarajia kutetemeka, sikusikia chochote mwilini. Midomo ilicheza, sauti haikutoka.

"Anasemaje?" Sadoki aliuliza.

"Amekubali," mama akadakia. "Mtoto ana aibu tu."

Vigelegele vikaanza jikoni. Lusubilo peke yake ndiye aliyekuwa ananitazama mdomo. Nikatamka tena, polepole, kwa ajili yake.

Akagusa kidude cha sikioni.

"Amesema hapana," simu ikasema. "Nimemsoma. Na mama, nakuomba, asigombezwe."

Vigelegele vikakatika. Mama akainamisha kichwa.

"Na wewe kijana," baba akauliza, "unasemaje?"

Lusubilo akachomoa kidude sikioni, akakiweka mezani kando ya soda yake ambayo hakuigusa. Midomo yake ikacheza kwa muda mrefu, ikinielekea mimi.

"Anasemaje?" Sadoki aliuliza tena, safari hii kwa upole.

Niliisoma peke yangu. Midomo ile niliijua kuliko mtu yeyote mle ndani. Alisema bado ananipenda. Alisema niende salama. Alisema nisilie.

Nikapapasa shavu langu. Lilikuwa kavu.