Juisi Katika Friji ya Maabara

Kila siku baada ya masomo, Maisara alipita nyumbani kuchukua chakula cha baba yake, kisha akapanda nacho hadi maabara. Baba yake, Papa Latifu, alikuwa mpimaji: alipima damu, mkojo na vinyesi vya wagonjwa. Maabara yenyewe ilikuwa nyumba ndogo ya matofali juu ya kilima cha mtaa wa Kadutu, na ukisimama mlangoni uliliona ziwa lote. Maisara alizijua sheria za pale. Anawe mikono, akae kwenye benchi, asiguse kitu. Alizishika vizuri hata baba yake akaacha kumkumbusha.

Siku hiyo kikapuni, chini ya ugali wa fufu na samaki wadogo wa sambaza, alikuwa ameficha chupa mbili za juisi ya marakuja, matunda ya pasheni. Kesho yake darasa la sita lingefanya sherehe ya kumaliza mwaka, na Maisara alikuwa amejigamba. Mwaka uliotangulia Gentil, mvulana wa dawati la nyuma, alionja juisi ya Maisara isiyo baridi akauliza kama ni chai, na darasa zima likacheka. Safari hii Maisara aliwaambia, "Yangu itakuwa na barafu. Mutaona." Alisema hivyo bila kuuliza umeme una mipango gani. Kwao ulikuwa umekatika tangu mwanzo wa wiki, na friji ya mama yake ilikuwa imegeuka kabati la vikombe.

Maabara, lakini, ilikuwa na umeme wa jua. Katika chumba cha nyuma kulikuwa na friji kubwa ya kugandisha, na juu yake karatasi nyekundu yenye neno DANGER, yaani hatari. Ufunguo ulining'inia kwenye kufuli, kwa kuwa wiki ile Papa Latifu aliifungua mara kwa mara. Alipoitwa nje kumpokea mgonjwa, Maisara aliingia, akafungua, akasukuma kando mifuko ya vichupa vilivyoganda na kulaza chupa zake katikati, akazifunika zisionekane. Ile karatasi aliiona, na kusoma alijua. Tusimtetee.

Jioni, wakiwa mezani, mama yake alimuuliza Papa Latifu kwa nini siku hizi anachelewa kurudi.

"Tunapanga ile frigo ya nyuma," alijibu. "Iko na choo za batoto benye baliharisha zamani, tulizigandisha. Sasa bakubwa ba afya banatuomba tutafute kila kitu ya zamani, tuichome, ao tuifunge pahali pa nguvu."

"Choo ya zamani inaogopesha nini?"

"Polio, maman. Mutoto anaweza kuwa nayo mu tumbo na hakuna mutu anajua. Inatoka na choo. Baridi haiiui, inaitunza tu. Ikiingia mu kinywa ya mutoto mwenye hakupata chanjo, inaweza kumulemaza miguu. Tunahangaika kuifukuza mu mitaa yote, kisha itoke mu frigo yetu? Hapana."

Maisara alilirudisha tonge sahanini. Hapo ndipo alipaswa kusema. Alimtazama baba yake, aliyemwamini kiasi kile, na aibu ikamziba mdomo. Akajiambia kwamba chupa zina vifuniko, kwamba atazifuta vizuri, kwamba hakuna atakayejua. Alijidanganya hivyo mpaka usingizi ukamchukua.

Asubuhi alimsindikiza baba yake kazini. Papa Latifu alipokuwa akivaa koti lake jeupe, Maisara alizitoa chupa kwenye friji, ufunguo ukiwa ungali kwenye kufuli, akazifuta kwa kitambaa na kuzificha kikapuni.

Darasani kila mtu alizisogelea. Zilikuwa nyeupe kwa barafu. Gentil aliiweka moja shavuni akafumba macho. "Maisara, leo umetuweza," alisema. Maneno hayo Maisara aliyatamani mwaka mzima, na sasa yalimchoma.

Mwalimu wao, Maman Gisèle, alikuwa amekuja na mtoto wake mchanga, Pascal. Mtoto huyo alikuwa anaota meno, na kila alichokishika alikipeleka kinywani. "Tuimbe kwanza, ndipo tunywe," alisema mwalimu. Wakaimba. Katikati ya wimbo Pascal, aliyekuwa mapajani mwa mama yake, alinyoosha mikono mezani, akavuta chupa ya Maisara na kupanua kinywa juu ya kifuniko.

Maisara aliruka akampokonya. Mtoto akaangua kilio, na wimbo ukakatika.

"Ni nini, Maisara? Unamunyanganya mutoto?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini: kwamba chupa ni baridi mno kwa mtoto. Maman Gisèle angeamini. Lakini Pascal alikuwa akilia huku akirusha miguu yake minene, na Maisara hakuweza kuondoa macho kwenye miguu hiyo.

"Hizi chupa zililala mu frigo ya labo ya Papa," alisema. "Iko na choo za bagonjwa. Inaweza kuwa na polio." Aliisogeza chupa mbali na mtoto. "Nilijua, Maman. Nilijua tangu jana."

Hakuna aliyecheka. Angependa wacheke. Gentil alikuwa akijifuta shavu kwa shati, na Maisara alitamani sakafu immeze.

Maman Gisèle aliwatoa wote nje wakanawe kwa sabuni, akamnawisha mwanawe, kisha akamwita Papa Latifu kwa simu. Alifika pamoja na Daktari Anne-Marie, mkuu wa maabara. Walivaa glavu, wakazifunga chupa na kikapu katika mfuko wa kuchomwa, wakapangusa meza kwa maji ya Javel, dawa ya kuua vijidudu.

"Kinywa yake iligusa chupa?" aliuliza daktari.

"Hapana. Maisara alimuwahi," alijibu mwalimu.

"Na chanjo?"

"Amepata zote za umri wake."

"Basi hatari ni kidogo. Lakini tutamufuata, tuone afya yake."

Ndipo Papa Latifu alipotoa ufunguo mfukoni. "Kosa ya kwanza ni yangu," alisema mbele ya darasa lote. "Niliuacha kwa kufuli." Akampa daktari ule ufunguo, na daktari akaupokea. Hakumwambia abaki nao. Maisara aliinama akalia.

Baba yake alimrudisha nyumbani kwa miguu.

"Kufuli haitoshi kufunga ile kitu," alisema wakiwa njiani. "Inafungwa na batu benye banasema kweli mapema. Leo ulisema, na mutoto wa Maman Gisèle iko muzima. Kwa hiyo ninakushukuru. Lakini ungesema jana kwa meza, aibu ingekuwa yetu sisi wawili tu."

"Unisamehe, Papa."

"Nimekusamehe. Kuaminika, hiyo utaanza tena."

Siku iliyofuata Maisara alipeleka chakula kama kawaida. Papa Latifu alimpokea mlangoni, akazisema sheria zote polepole, kama kwa mtoto aliyefika pale kwa mara ya kwanza.

"Unanawa mikono. Unakaa kwa benchi. Haugusi kitu."

"Ndiyo, Papa," alijibu Maisara, akaenda kunawa.